Chief na chef, suit na suite: namna ya kutamka maneno ya Kifaransa yaliyomo katika Kiingereza

Ukipita mitaa ya katikati ya Dar es Salaam au Nairobi hutakosa kuona kibao cha Bureau de Change. Wanaoingia humo kubadili dola ni wengi, ila wanaokisoma kibao hicho kwa sauti bila kusitasita ni wachache. Hotelini mambo ni yaleyale: suite inageuka "suti", buffet inageuka "bafeti", na mgeni akiomba bouquet ya maua mezani anatazamwa tu.

Lawama si ya msomaji. Tahajia ya maneno haya ni ya Kifaransa, kinywa kinachoyatamka ni cha Kiingereza, na anayeyasoma amekulia kwenye Kiswahili, lugha ambayo herufi ikiandikwa inasomwa. Walimu wengi humaliza suala hili kwa kusema "hayo yakariri tu". Mimi sikubaliani nao. Maneno ya Kifaransa ndani ya Kiingereza ni maelfu, hayakaririki, na sehemu kubwa yake inafuata utaratibu ambao mtu anaweza kuufundisha. Utaratibu huo unaanza na swali moja ambalo vitabu vya shule huliruka: neno hili liliingia Kiingereza lini? Ukishalijibu, hata kwa kukisia, utajua mkazo uuweke wapi, ch uisome vipi, na t ya mwisho uitamke au uimeze.

Kwanza tukubaliane alama. Matamshi nitayaandika kwa herufi za Kiswahili. Silabi yenye mkazo itakuwa kwa herufi kubwa, kistari kitatenga silabi, na irabu ikiandikwa mara mbili ni ndefu. Alama ngeni ni mbili. Ya kwanza ni ə, irabu hafifu, ile sauti fupi ya mdomo uliolegea inayosikika mwanzoni mwa about. Ya pili ni zh, ambayo ni sh iliyotiwa mtetemo kooni. Tutairudia mbele.

Hatua ya 1: Kisia umri wa neno

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari na jeshi lake, akamshinda Mfalme Harold karibu na Hastings na kuitwaa Uingereza. Kwa vizazi kadhaa baada ya hapo wakubwa wa nchi walizungumza Kifaransa, na maneno yao yakamiminika katika lugha ya raia: judge, prison, council, chair, table, beef, village, money. Hilo ndilo kundi la kwanza. Kundi la pili lilikuja polepole kuanzia karne ya 16 na kuendelea, na halikuletwa na jeshi lolote. Lililetwa na mapishi, dansi, mavazi, sanaa, diplomasia, na baadaye magari: ballet, bouquet, chef, brochure, chauffeur, garage.

Kundi la kwanza limeshakuwa la Kiingereza kabisa. Kundi la pili bado lina Ufaransa mdomoni.

Tazama ch. Zama za William, Wafaransa wenyewe waliitamka kama ch ya chai. Waingereza wakaipokea hivyohivyo, ndiyo maana tunasema chief, chair, chain, chapel na merchant kwa ch. Katika karne ya 13 Wafaransa waliiacha ile t iliyojificha mwanzoni mwa sauti hiyo, ikabaki sh. Maneno yaliyovuka bahari baada ya hapo yakaja na sh yake: machine, champagne, parachute, brochure, moustache. Chief na chef ni neno moja la Kifaransa lililokopwa mara mbili. Lilipokopwa mara ya kwanza lilimaanisha kiongozi, na Kiingereza kikalitamka chiif. Lilikopwa tena katika karne ya 19, likimaanisha mkuu wa jiko, na matamshi yake yakawa shef.

Herufi j na g nazo zilipita njia hiyohiyo. Judge, joy, gentle na danger ni za zamani, zina j ya jua. Genre, regime, beige na prestige ni za baadaye, zina zh.

Sasa rudi kwenye kile kibao cha fedha. Neno change likiwa peke yake ni mkopo wa kale, linatamkwa cheinj. Likiwa ndani ya bureau de change ni sehemu ya msemo uliokuja mzimamzima baadaye, kwa hiyo linatamkwa kwa Kifaransa cha baadaye: BYUƏ-rəu də SHONZH. Tahajia ni ileile, umri ndio tofauti.

Kama huna kamusi ya asili ya maneno, kisia kwa maana. Maneno ya mahakama, kanisa, serikali, nyama ya kawaida na vitu vya nyumbani mara nyingi ni ya kundi la kwanza. Maneno ya hoteli, mitindo, jukwaa, jeshi la kisasa na gereji ni ya kundi la pili. Ukiona alama juu ya irabu, kama kwenye café au fiancé, usijiulize mara mbili: ni la pili. Kukisia huku hakutakuwa sahihi kila mara, lakini kunakufikisha mbali kuliko kukariri.

Hatua ya 2: Weka mkazo, kwa msaada wa Kiswahili

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao hajaambiwa kuwa anao.

Kifaransa huweka uzito kwenye silabi ya mwisho ya neno. Maneno ya kundi la kwanza yamekaa Uingereza muda mrefu hata mkazo wake ukasogea mwanzoni, kama ilivyo desturi ya nomino za Kiingereza: VIL-ij, MAUN-tin, NEI-chə, KAR-ij, yaani village, mountain, nature, courage. Mengi ya kundi la pili yamebaki na mkazo mwishoni. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kinapokopa neno linaloishia kwa konsonanti hulipachika irabu. Matokeo yake ni mazuri ajabu: tulipoongeza irabu mwishoni, mkazo wetu ukaangukia palepale ulipo mkazo wa Kiingereza.

Jaribu mwenyewe. Sema ma-SHI-ne, kisha kata irabu ya mwisho bila kugusa mkazo: mə-SHIIN. Po-LI-si inakuwa pə-LIIS. Ho-TE-li inakuwa həu-TEL. Ka-SE-ti inakuwa kə-SET. Bri-GE-di inakuwa bri-GEID. Wanafunzi wengi huharibu maneno haya kwa sababu wameambiwa kwamba Kiingereza hupenda mkazo mwanzoni, basi wanasema "MA-shin" na "HO-tel". Wangeliamini sikio lao la Kiswahili wasingepotea.

Hila hiyo ina mpaka wake, na mpaka wenyewe unafundisha. Ichukue tiketi, ba-JE-ti, ja-KE-ti. Ukikata irabu utapata "ti-KET", "ba-JET", "ja-KET", na hakuna Mwingereza atakayekuelewa haraka. Kwa Kiingereza ni TIK-it, BAJ-it, JAK-it. Maneno haya yamekaa Uingereza tangu zamani na yamehamisha mkazo. Kwa hiyo kanuni ni hii: kama neno ni la kundi la pili, kata irabu uache mkazo ulipo. Kama ni la kundi la kwanza, kata irabu na uvute mkazo hadi mwanzo, kisha uilegeze silabi iliyobaki mpaka karibu ipotee.

Viko viambishi tamati ambavyo huushika mkazo karibu kila mara. Neno likiishia na -ette, -ique, -esque, -eer au -ee ya mtu, mkazo uko mwishoni: sig-ə-RET, tek-NIIK, en-ji-NIƏ, ref-yu-JII. Hilo la mwisho, refugee, lina historia yake. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 aliwafutia Waprotestanti wa Ufaransa haki ya kuabudu, maelfu wakakimbilia Uingereza, na neno la kuwaita likaja pamoja nao.

Halafu kuna Uingereza na Marekani. Kwenye maneno mengi ya silabi mbili ya kundi la pili, Wamarekani wameuacha mkazo mwishoni kwa Kifaransa, Waingereza wameusogeza mbele:

ballet: Uingereza BAL-ei, Marekani bal-EI
café: KAF-ei, kaf-EI
garage: GAR-aazh, gə-RAAZH
massage: MAS-aazh, mə-SAAZH
brochure: BRƏU-shə, brəu-SHUR
debut: DEI-byuu, dei-BYUU
cliché: KLII-shei, klii-SHEI

Machine, police na hotel hazimo kwenye ugomvi huo. Pande zote mbili zinaweka mkazo mwishoni. Bureau nayo haimo, pande zote zinaweka mwanzoni. Shule zetu za Afrika Mashariki zimefuata Uingereza, lakini filamu na muziki tunaosikia kila siku ni wa Marekani, ndiyo maana mtu mmoja anaweza kusema BAL-ei na gə-RAAZH ndani ya sentensi moja. Si dhambi, ila kwenye mtihani wa kuongea chagua upande mmoja ukae nao.

Hatua ya 3: Soma mkia wa neno

Makosa mengi yako mwishoni mwa neno, kwa hiyo hapa tutakaa kidogo.

Mkia -et. Ukiwa na neno la zamani, t inasikika na irabu ni hafifu: POK-it, MAA-kit, BAK-it, BLANG-kit, SII-krit. Ukiwa na neno la baadaye, t inamezwa na irabu inakuwa ei: BUF-ei kwa buffet, GUƏ-mei kwa gourmet, SHAL-ei kwa chalet, SASH-ei kwa sachet, DUU-vei kwa duvet. Kwa bouquet, matamshi ya kawaida ni buu-KEI. Fillet inawagawa watu: Mwingereza anasema FIL-it, Mmarekani fi-LEI, na muuza samaki wa London atakushangaa ukimletea ile ya pili. Usichanganye mkia huu na -et au -ette yenye mkazo, kwa sababu mkazo unailinda t isimezwe: kə-DET, kwo-TET, bruu-NET.

Mkia -age unafuata mgawanyo uleule. Zamani ni ij: VIL-ij, MES-ij, DAM-ij, MAR-ij, PAS-ij. Baadaye ni aazh: SAB-ə-taazh, KAM-ə-flaazh, mi-RAAZH kwa mirage, na massage uliyoiona hapo juu. Sabotage na camouflage ziliingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, camouflage ikipata umaarufu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo hazijapata muda wa kuzoea. Garage ndiyo imekaa mguu mmoja huku na mmoja kule. Waingereza wengi husema GAR-aazh, na wengine husema GAR-ij kana kwamba ni neno la enzi za William. Anayecheka "gereji" ya Kiswahili ajue kwamba ij hiyo hatukuibuni sisi.

Mkia -que ni k tupu, na -gue ni g tupu. Herufi u na e zipo kwa ajili ya macho tu. Unique ni yuu-NIIK, antique ni an-TIIK, plaque ni plaak au plak, mosque ni mosk, league ni liig, fatigue ni fə-TIIG, colleague ni KOL-iig. Hapa umri haujalishi.

Mkia -eau ni əu: BYUƏ-rəu, PLAT-əu. Umo pia ndani ya beauty, lakini hilo ni la kale, ndiyo maana linatamkwa BYUU-ti.

Konsonanti za mwisho zisizotamkwa ndizo zinazoaibisha watu hadharani. Kwa kundi la pili, t, s, p na d za mwisho mara nyingi hazina sauti: depot ni DEP-əu, debris ni DEB-rii, rapport ni ra-POO, coup ni kuu, chassis ni SHAS-i. Kwa depot sisi tuko sawa tangu zamani, tunasema depo. Kwa chassis mafundi wetu wamezoea chasisi, na watabaki nayo, lakini kwenye Kiingereza s ya mwisho inaachwa. Coup d'état, ambayo watangazaji wa habari za Afrika hawawezi kuikwepa, ni kuu-dei-TAA.

Corps inahitaji aya yake. Kama umesoma sekondari iliyowahi kuwa na walimu wa kujitolea wa Peace Corps, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1961, unajua kwamba linaitwa piis KOO. Herufi p na s hazisikiki. Ukizitamka umesema corpse, yaani maiti. Mwezi Februari mwaka 2010 Rais Barack Obama, akihutubia hafla ya maombi ya kitaifa mjini Washington, alimtaja mwanajeshi tabibu wa jeshi la majini, ambaye cheo chake ni corpsman, akasema "corpse-man", na akalirudia. Alisemwa kwa muda mrefu. Msomaji mzuri kama yeye alinaswa na tahajia, kwa hiyo wewe usione haya kuuliza.

Wenye jamaa Marekani wanakutana na mikia hii kwenye majina ya miji pia. Des Moines, mji wa Iowa wenye familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili, ni di-MOIN, bila s hata moja. Illinois ni il-i-NOI. Detroit nayo ni jina la Kifaransa, lakini t yake inatamkwa: di-TROIT. Majina ya mahali hayana adabu, yaulize kwa wenyeji.

Neno la mwisho juu ya kumeza: kuna wanaozidisha. Wakishajua kwamba Kifaransa humeza konsonanti, wanameza hata zisizomezwa. Kwenye coup de grâce, ce ya mwisho inasikika: kuu də GRAAS. Konsonanti ikifuatwa na e isiyotamkwa, kwa kawaida konsonanti hiyo iko hai. Linganisha ballet na cassette, au debris na chemise.

Na h ya mwanzoni. Hour, honest, honour na heir hazina h mdomoni: auə, ON-ist, ON-ə, eə. Hotel na hospital zina h. Herb ina h Uingereza, haina Marekani.

Hatua ya 4: Hesabu silabi kabla ya kufungua mdomo

Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Silabi ya Kiingereza inaweza kufungwa kwa konsonanti moja, mbili, hata tatu. Ndiyo maana ulimi wetu huongeza ki-irabu kidogo mwishoni: "suiti", "ligi", "plaki", "yuniki". Wenyewe hatukisikii, Mwingereza anakisikia vizuri.

Weka kiganja chini ya kidevu na useme neno polepole. Kila kidevu kinaposhuka ni silabi. Suite inatakiwa kushuka mara moja: swiit, sawasawa na sweet. Queue mara moja: kyuu, herufi nne za mwisho zote bure. League mara moja. Cuisine mara mbili: kwi-ZIIN. Omelette mara mbili: OM-lit. Genre mara mbili: ZHON-rə. Entrepreneur mara nne: on-trə-prə-NƏƏ. Restaurant ni mara tatu ukiitamka kwa utulivu, RES-tə-ront, na mara mbili watu wakiwa na haraka, RES-tront.

Maneno yanayoishia na -le yanastahili tahadhari. Kwa Kifaransa table ni silabi moja. Kwa Kiingereza ni mbili, TEI-bəl, na ile ya pili haina irabu ya kueleweka. Ulimi unaenda juu kwenye l moja kwa moja. Usiseme "tebo" wala "tebulu". Vivyo hivyo kwa couple, KAP-əl, na trouble, TRAB-əl. Centre na theatre ziliandikwa kwa mtindo wa Kifaransa, ila mdomoni e inatangulia: SEN-tə, THIƏ-tə.

Kuzuia ki-irabu cha mwisho kuna njia mbili. Neno likiwa mwisho wa sentensi, acha ulimi palepale konsonanti ilipotokea. Kwa swiit, ncha ya ulimi inabaki imegusa ufizi wa juu, na hutoi pumzi nyingine mpaka umenyamaza. Neno likifuatwa na jingine linaloanza na irabu, iunganishe konsonanti na irabu hiyo: suite eight inakuwa swii-TEIT, machine is on inakuwa mə-SHII-ni-ZON. Njia hii ya pili ni tamu kwetu kwa sababu inazalisha silabi wazi, zilezile tulizozoea, na bahati nzuri ndivyo Waingereza wenyewe wanavyoongea.

Hatua ya 5: Fanyia kazi sauti ambazo hatuna

Zh. Weka vidole viwili kooni. Sema s ndefu, kisha z ndefu: kwenye z koo linatetemeka, kwa kuwa z ni ghuna na s ni sighuna. Sasa sema sh ndefu, na bila kusogeza ulimi wala midomo, washa mtetemo uleule. Hiyo ndiyo zh. Ifanyie mazoezi katikati ya neno kwanza, mahali ambapo ni rahisi: PLEZH-ə, MEZH-ə, kisha mwishoni: beizh, ruuzh, pre-STIIZH, kisha mwanzoni: ZHON-rə. Ikikushinda kabisa, j mwishoni inavumilika. Wapo Waingereza wanaosema GAR-aaj na hakuna anayewakosoa. Z haivumiliki, "beiz" ni kitambaa cha meza ya biliadi.

Irabu hafifu. Kiswahili kina irabu tano na zote zinatamkwa wazi, hata zisipokuwa na mkazo. Kiingereza huibana irabu isiyo na mkazo. Ukisema "ma-SHIN" kwa a kamili, mkazo wako hausikiki vizuri hata kama umeuweka mahali pake, kwa sababu silabi ya kwanza inashindana na ya pili. Ilegeze: mə.

Irabu za puani za Kifaransa hazikuvuka bahari zikiwa salama. Kiingereza kilizivunja vipande viwili, irabu na n: ON-koo kwa encore, on-SOM-bəl kwa ensemble, ON-tu-raazh kwa entourage. Kwa hiyo usihangaike kuzungumza kwa puani. Entrée ni ON-trei, na ukihudumia watalii kumbuka kwamba Mmarekani akitamka neno hilo anamaanisha chakula kikuu, wakati kwa Mwingereza ni cha kufungulia mlo.

Sauti iliyoandikwa -oir, au -ois kwenye bourgeois, ni zawadi kwetu. Waingereza hupata shida na wa inayobanwa na konsonanti mbele yake; sisi tunasema bwana, mwana na twanga tangu utotoni. Memoir ni MEM-waa, repertoire ni REP-ə-twaa, reservoir ni REZ-ə-vwaa, bourgeois ni BUƏZH-waa. Usiongeze "oya" wala "oiri".

Hatua ya 6: Usilifaransishe kupita kiasi

Hatua hii ni ya wasomaji wa Lubumbashi, Goma, Bukavu, Bujumbura na Kigali zaidi kuliko wa Mombasa. Anayekijua Kifaransa ana shida iliyo kinyume: anayatambua maneno haya na kuyatamka kama alivyoyazoea nyumbani, r ya kooni, irabu za puani, mkazo mwishoni kwa kila neno. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza, Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mikutano mingi sasa inawaweka watu hawa meza moja na Waganda na Wakenya. Dereva ambaye kwa Kiswahili cha Lubumbashi ni shofere, kwa Kiingereza ni SHƏU-fə. Village inayosemwa "vi-LAZH" na courage inayosemwa "ku-RAZH" zinapotea masikioni mwa Mganda. Kwa ndugu hawa ushauri wangu ni kuanza na kundi la kwanza, kwa sababu ndilo lenye mitego mingi kwao: table, village, nature, message, judge, possible. La pili tayari wanalo kwa sehemu kubwa.

Kwa wa Mombasa, hatari ni ya kujionyesha. Croissant kwa Kiingereza cha Uingereza ni KRWAS-on. Inatosha.

Maneno manne yasiyosikia amri

Colonel ni KƏƏ-nəl. Kifaransa kiliwahi kuliandika kwa r, coronel, na pia kwa l, kwa kufuata Kiitaliano. Kiingereza kikabaki na matamshi ya r na tahajia ya l. Lieutenant ni lef-TEN-ənt Uingereza na luu-TEN-ənt Marekani; luteni wetu yuko karibu na wa Marekani. Choir ni KWAIƏ, na aliyezoea kusema kwaya hana cha kurekebisha. Receipt ni ri-SIIT, p haina kazi. Wasomi waliichomeka ili neno lifanane na Kilatini, kama walivyoichomeka b kwenye debt na doubt, na hakuna mdomo uliowahi kuwatii. Risiti yetu imeandikwa kwa akili zaidi.

Hatua ya 7: Hakikisha, kisha sema kwa sentensi

Fungua kamusi yoyote nzuri ya Kiingereza kwenye simu na uangalie mabano ya matamshi. Kistari kidogo cha juu, ˈ, kinasimama kabla ya silabi yenye mkazo, si baada yake. Alama ʃ ni sh, ʒ ni zh, tʃ ni ch, dʒ ni j. Kamusi nyingi zina spika mbili, ya Uingereza na ya Marekani. Bonyeza zote mbili walau mara moja kwa kila neno la kundi la pili, maana hapo ndipo zinapotofautiana.

Neno moja moja halitoshi, kwa kuwa ki-irabu cha mwisho hurudi pale tu unapoanza kuongea kwa kasi. Jirekodi ukisoma sentensi hii:

The police chief left his luggage in a suite above the garage.

Inatakiwa isikike hivi: dhə pə-LIIS CHIIF left hiz LAG-i-jin ə SWII-tə-BAV dhə GAR-aazh.

Sikiliza rekodi ukiangalia mambo manne: kama police ina mkazo mwishoni, kama chief ina ch na si sh, kama luggage imekuwa "lageji", na kama kati ya suite na above umepachika "i". Likibaki kosa moja, rudia kipande hicho peke yake, swii-tə-BAV, swii-tə-BAV, kabla ya kurudi kwenye sentensi nzima. Kisha badilisha: weka chef mahali pa chief, ballet mahali pa police, massage mahali pa luggage. Sentensi itakuwa ya kipuuzi, lakini mdomo utakuwa umepita kwenye makundi yote mawili kwa pumzi moja.